Bomba la chuma nyuma ya keja yako likianza kuvuja, usikubali lipakwe simenti

Ukipata nafasi leo jioni, zunguka nyuma ya jengo unaloishi uangalie juu. Kama umepanga Ngara, Pangani, Parklands au kwenye majengo ya zamani katikati ya jiji la Nairobi, huenda ukaona paipu nene, nyeusi au ya kijivu kilichobabuka, ikipanda ukutani kutoka ardhini hadi juu ya paa. Kila choo, kila sinki na kila bafu la upande huo humwaga humo. Hilo ndilo bomba la majitaka. Na kama lilifungwa kabla ya plastiki kushika soko, basi ni la chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu.

Wengi wetu hatulijui hadi siku linapoanza kulia. Kwanza ni doa ukutani. Halafu rangi inavimba kama chapati kwenye kikaango. Halafu inakuja ile harufu ambayo kila mtu kwenye ploti anamsingizia jirani. Keateka anaitwa, anakuja na mwiko na simenti kidogo kwenye karai, anapaka, anaenda zake. Wiki mbili kimya. Ya tatu, doa limerudi, na safari hii liko ndani ya chumba chako cha kulala.

Huo mwiko ndio nataka tuuongelee. Pita kichochoro chochote nyuma ya majengo ya zamani utaona mabomba yamevishwa simenti kama mguu uliovunjika, tabaka juu ya tabaka, na bado yanadondoka. Sababu ni rahisi. Simenti haishiki kwenye kutu, tena kutu iliyolowa. Chuma nacho hutanuka jua linapowaka mchana na kusinyaa usiku ukiwa baridi, kwa hivyo ile simenti hupasuka nyufa ndogo ambazo hata huzioni. Maji yanapita kwenye nyufa hizo, yanakaa katikati ya simenti na chuma, na kutu inaendelea kula ikiwa imefichwa vizuri kabisa. Yakikosa njia ya kutokea nje, yanaingia ukutani. Uvujaji haukuisha; ulihamia kwako.

Tena unamharibia kazi fundi wa kweli atakayekuja baadaye, maana itabidi aibomoe hiyo simenti kwa nyundo kabla ya kuona tatizo. Na chuma hiki hakipendi nyundo.

Chuma kigumu lakini kinachovunjika kama kikombe

Usidhani tunaongelea kitu dhaifu. Mwaka wa 1664, mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alitandaziwa mabomba ya chuma cha kusubu kupeleka maji Versailles, na sehemu ya mabomba hayo ilitumika kwa zaidi ya miaka 300. Chuma hiki hakishiki moto. Kina kelele kidogo pia: mtu wa ghorofa ya tatu akiflashi saa nane usiku, wewe wa chini husikii sana. Ukiwahi kuishi kwenye flati mpya ambapo paipu ya plastiki imepita ukutani karibu na kitanda, unajua ninachosema. Unajua ratiba ya choo ya jirani kuliko anavyoijua yeye.

Lakini kina kaboni nyingi, kati ya asilimia 2 na 4, na hiyo ndiyo inayokifanya kiwe kigumu na kivunjike kwa urahisi. Chuma cha kawaida ukikigonga kinapinda. Hiki hakipindi. Kinapasuka, na ufa unaweza kukimbia urefu wote wa kipande.

Kinakufa vipi? Mara nyingi kutoka ndani. Uchafu unapooza ndani ya bomba hutoa gesi ile ya harufu ya mayai viza. Gesi hiyo hupanda, ikafika kwenye unyevu uliogandamana sehemu ya juu ya bomba, na bakteria waliopo hapo huigeuza kuwa asidi ya salfuriki. Ndiyo maana bomba lililolazwa linaweza kutoboka mgongoni hata kama maji yanapita tumboni. Tumbo nalo lina shida zake, hasa pale mteremko ni mdogo na maji yanatuama. Kutu ya ndani pia huvimba na kufanya magamba, na bomba la inchi nne likabaki na tundu ambalo hata ngumi haipiti. Hapo sasa mafuta ya kukaangia, majani chai na makombo ya ugali yanapata pa kushika.

Kuna adui mwingine ambaye ni mchoraji. Jengo linapopakwa rangi, brashi hufika mbele na kando za bomba, haifiki nyuma, upande unaotazama ukuta. Mvua haikauki haraka huko na hakuna rangi ya kukinga. Kwa hivyo bomba linaweza kung'aa mbele kama gari la harusi na nyuma limeliwa hadi limekuwa kama karatasi.

Sehemu ya tatu ya kushuku ni maungio. Vipande vya zamani havikuunganishwa kwa gundi. Kila kipande kina mdomo mpana upande mmoja, na kipande cha juu yake kinaingia humo. Nafasi iliyobaki fundi aliijaza nyuzi za katani zilizopakwa lami, akazisukuma ndani, kisha akamwagia juu yake madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Hayo yakipoa yanagongwa taratibu yakaze. Ukiona duara la rangi ya kijivu laini kwenye mdomo wa kiungo, ambalo unaweza kulikwaruza kwa ukucha, hilo ni risasi. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Usikisie, chunguza

Kabla ya kulaumu bomba, angalia lini linavuja. Hili halihitaji fundi, linahitaji tu uwe mtu wa kuangalia.

Likidondoka muda wote, au siku za mgao wa maji pekee, basi shida inaelekea kuwa kwenye bomba la maji safi, si la majitaka. Likidondoka mvua ikinyesha tu, huenda ni paipu ya kuteremsha maji ya paa, ambayo mara nyingi hufanana na ya majitaka na imepita kando yake. Lakini likidondoka sekunde chache baada ya mtu wa juu kuflashi au kumwaga maji ya kufulia, umelipata.

Ni ghorofa gani? Nunua rangi ya chakula, ile nyekundu ya keki. Ombeni kila ghorofa, moja baada ya nyingine, iweke kwenye choo na kuflashi. Doa likitoka jekundu zamu ya ghorofa ya pili, na halikutoka zamu ya kwanza, ufa uko juu ya mahali ghorofa ya kwanza inapoingilia. Najua, kumgongea mtu mlango umwombe aflashi maji mekundu si mazungumzo rahisi. Weka kwenye grupu ya WhatsApp ya ploti, watu watacheka lakini watafanya.

Kisha vaa glavu, chukua tishu kavu na uzungushe kila kiungo unachokifikia. Mahali tishu inapolowa ndipo kwenye kidonda. Usifuate doa la ukutani peke yake, kwa sababu maji huteremka kwa nje ya bomba na kutokezea mita mbili chini ya pale yalipotoka.

Nyuma ya bomba huwezi kuona kwa macho. Simu yako inaweza. Washa tochi, weka video, pitisha simu katikati ya bomba na ukuta polepole. Tafuta magamba ya kutu yanayobambuka, mistari ya kahawia, au ufa mrefu uliosimama wima.

Halafu ligonge. Si kwa nyundo, kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima kinalia kama kengele ya shule ya mbali. Kilichopasuka au kuliwa kinatoa sauti ya kufa, kama kugonga ndoo iliyojaa. Penye sauti ya kufa, bonyeza ncha ya bisibisi taratibu. Ikizama, acha hapo hapo.

Jambo moja zaidi kabla ya mtu yeyote kuwasha grainda: weka sumaku kwenye bomba. Chuma cha kusubu kitaishika. Ikikataa kushika na bomba ni zito, la kijivu na gumu kama jiwe, huenda limetengenezwa kwa simenti na asbestosi, kama yalivyo mabati ya zamani yale. Hilo usilikate, usilipige msasa, usilitoboe. Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki, na ugonjwa unaweza kujitokeza miaka 20 au zaidi baadaye. Asbestosi ni taka hatari kisheria na kuna kampuni zenye leseni ya Nema ya kuiondoa. Mwambie mwenye nyumba hivyo, kwa maandishi.

Kwa nini usiseme "haidondoki kwangu"

Bomba la aina hii ni la wote. Familia nane zinaweza kuwa zimeunganishwa kwenye paipu moja, na mtu wa chini ndiye hupokea madhambi ya wote. Likiziba pale chini linapopinda kuelekea manholi, maji ya ghorofa ya nne hayarudi ghorofa ya nne. Yanatokea kwenye choo na bafu la mpangaji wa chini. Mara nyingi huyo ndiye mwenye watoto wadogo, kwa sababu nyumba za chini hazina ngazi za kuangukia.

Na kuna hatari ambayo watu hawaifikirii. Majengo mengi ya zamani yana tanki la maji lililozikwa ardhini, wakati mwingine hatua chache kutoka manholi. Majitaka yakizama kwenye udongo, yanaweza kupata ufa wa tanki. Mgao nao una balaa lake. Maji yakikatwa, mabomba ya maji safi hubaki matupu na yanaweza kufyonza kilicho nje kupitia kiungo kilicholegea. Yakirudi kesho asubuhi, glasi ya kwanza unayojaza imebeba kilichofyonzwa. Kipindupindu, homa ya matumbo na aina ya homa ya ini inayoenea kwa uchafu hupita njia hizo. Kwa hivyo kama nyuma ya jengo kuna dimbwi lisilokauka, chemsha maji ya kunywa au uyatibu kwa klorini hadi litengenezwe.

Nani analipa?

Hapa vijana wengi hunyamaza kwa sababu wanaogopa kuambiwa wahame. Lakini ni vizuri ujue unaposimama. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 65, inasema pale ambapo mtu amekodisha sehemu tu ya jengo, ni wajibu wa mwenye nyumba kuweka katika hali nzuri paa, kuta za nje, mifereji mikuu ya majitaka na vitu vinavyotumiwa na wapangaji wote. Bomba linalopanda ukutani likihudumia ghorofa zote ni la kundi hilo. Sinki lako lililoziba kwa mafuta ya samaki ni lako. Soma pia mkataba wako uone umeandikwaje.

Usianze na vita. Piga video inayoonyesha ulichopata kwa tishu na rangi, andika ujumbe mfupi wenye tarehe, tuma kwa keateka na kwa landilodi mwenyewe. Mkiwa wapangaji watano mmetuma ujumbe huo huo, inakuwa vigumu kusema ni wewe mmoja msumbufu. Jibu lisipokuja na majitaka yanaendelea kumwagika, Sheria ya Afya ya Umma inahesabu mfereji mchafu unaohatarisha afya kuwa kero, na afisa wa afya ya umma wa kaunti ana mamlaka ya kumpa mwenye jengo notisi ya kuiondoa. Hata landilodi akiwa ni kaunti yenyewe, kama ilivyo katika mitaa kadhaa ya Eastlands, weka malalamiko kwa maandishi na ubaki na nakala.

Maoni yangu: usikubali kukatwa pesa za ukarabati wa bomba kuu kimyakimya kwenye "service charge" bila kuona risiti. Na usilipie mwiko wa simenti hata mara moja.

Unachoweza kufanya mwenyewe

Tuseme ni tundu dogo, chini ya ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, kwenye bomba lililosimama wima, mahali unapofikia ukiwa umesimama chini. Na chuma kinacholizunguka kinalia vizuri ukikigonga. Hilo unaweza kuliziba kwa muda huku ukisubiri fundi.

Funga valvu ya tanki au mkubaliane kwamba hakuna anayemwaga maji kwa saa kadhaa. Vaa glavu nzito, miwani ya kinga na barakoa. Sugua kwa brashi ya waya hadi uone chuma chenyewe kikimeta, sentimita tano kuzunguka tundu. Usisugue kwenye kiungo chenye risasi. Pangusa, acha pakauke kabisa. Nunua udongo wa epoksi, ule wa sehemu mbili unaokandwa pamoja. Ukande kama unga wa mandazi hadi uwe rangi moja, ubonyeze ndani ya tundu na kuzunguka. Muda wa kukauka umeandikwa kwenye pakiti, na ukisema nusu saa usipeane dakika kumi. Juu yake zungusha tepu ya mpira inayojishika yenyewe, ukiivuta ikinyooka, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia.

Hiyo inaweza kukaa miezi, hata zaidi. Lakini ni plasta. Andika tarehe kwa maka juu yake.

Usichofanya ni hiki. Usiyeyushe risasi ya kiungo kwa moto wala kuipiga msasa. Mvuke na vumbi lake ni sumu, na wanaoumia zaidi ni watoto, kwenye ubongo. Ukiishika, nawa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Usimwage asidi ya kuzibua kwenye bomba kuukuu, kwa sababu inakula chuma ambacho tayari kimekonda. Usichanganye asidi na jiki kwa hali yoyote, maana hutoa gesi ya klorini inayoweza kukuua humo bafuni. Na kama mtu ameshamwaga soda ya kuzibua kabla ya fundi kufika, mwambie fundi. Yeye ndiye atakayefungua na kurushiwa usoni.

Siku ya kukata

Ufa mrefu, sauti ya kufa, bisibisi inayozama, au bomba la chini lililolazwa likivuja mgongoni: hayo hayazibwi. Kipande hukatwa na kubadilishwa. Hiyo ni kazi ya fundi, lakini unapaswa kujua anavyotakiwa kuifanya, kwa sababu wewe ndiwe utabaki ukiishi hapo.

Anza na kumchagua. Muulize ameshafanya kazi ya chuma cha kusubu au ni PVC pekee anayoijua. Muulize atashikiliaje bomba la juu kabla ya kukata la chini. Akikuangalia kana kwamba umeuliza kitu cha ajabu, mshukuru utafute mwingine. Cheti cha majaribio ya ufundi cha NITA ni dalili nzuri. (Na kama unatafuta cha kufanya maishani: mabomba haya yanazeeka yote kwa wakati mmoja, na mafundi waliojifunza kwa risasi na katani wanastaafu. Mtihani wa NITA wa ufundi bomba huanzia gredi ya 3.)

Swali hilo la kushikilia si la kujionyesha. Bomba la inchi nne la chuma hiki lina uzito wa zaidi ya kilo 10 kwa kila mita. Jengo la ghorofa nne lina takriban mita 12 za bomba lililosimama. Hizo ni zaidi ya kilo 120 zilizoning'inia kwenye vishikizo vilivyokula kutu, kipande kimoja kikikalia kingine. Ukikata kipande cha chini bila kufunga cha juu, unaweza kuangushiwa zima, na aliye kwenye ngazi hana pa kukimbilia. Kwa hivyo kabla ya grainda kuguswa, kishikizo kipya cha kubeba uzito, chenye boliti zilizozama ukutani, kifungwe juu ya mahali pa kukatwa, na ikiwezekana kingine juu yake. Ukuta wenyewe ukiwa unameguka, hiyo kazi ina fundi wa pili.

Kisha ni majirani. Tangazo kwenye grupu, karatasi kwenye kila mlango, na mtu wa kusimama ngazini. Sizidishi. Kuna mtu hasomi WhatsApp, na ndiye atakayeflashi saa nne na nusu fundi akiwa ameweka uso mbele ya bomba lililo wazi.

Kukata kwenyewe hakuchukui muda. Fundi anatafuta chuma kinacholia vizuri juu na chini ya kidonda, anachora mistari miwili iliyonyooka, anakata. Kuna chombo cha mnyororo kinachobana bomba hadi linakatika, na ni kizuri kwa chuma kizima, ila kwenye chuma kilichokonda kinaweza kulisaga lote. Hapo grainda ni salama zaidi, kwa kisu cha kukatia chuma, miwani, barakoa na nafasi ya hewa. Cheche na gesi ya majitaka si marafiki, kwa hivyo sigara ibaki mfukoni na bomba liachwe lipumue kwanza.

Kipande kipya kinaweza kuwa cha PVC nene ya majitaka, si ile nyembamba ya maji ya mvua. Tafuta alama ya KEBS. Kabla ya kwenda dukani, pima kipenyo cha nje cha bomba la zamani: zungusha uzi mara moja, pima urefu wa uzi, gawa kwa 3.14. Ukipata sentimita 34.5, kipenyo chako ni takriban sentimita 11, ambacho ni saizi ya kawaida ya PVC ya milimita 110. Lakini mabomba ya enzi ya inchi hayakufanana yote, na kiungio kilichopishana kwa milimita tano kitavuja. Nenda na namba, si na neno "ya inchi nne."

Kinachounganisha chuma na plastiki si gundi wala, tafadhali, simenti. Ni kiungio cha mpira mnene chenye mikanda ya chuma kisichoshika kutu, kinachokazwa kwa bisibisi au spana. Kimoja juu, kimoja chini. Ncha za chuma zisuguliwe zisibaki na meno ya kuchana mpira. Mikanda ikazwe kwa zamu, hii kidogo, ile kidogo. Mpira huo unafanya kazi ambayo simenti haiwezi: unaruhusu plastiki na chuma kutanuka kila kimoja kwa kiasi chake.

PVC iliyo nje ipakwe rangi, kwa sababu jua la Nairobi huifanya iwe kavu na kuvunjika, na ifungwe vishikizo vyake, angalau kila mita mbili ikiwa wima. Kama ni kipande cha chini kilicholazwa, simama na fundi mpime mteremko: sentimita 2.5 kwa kila mita. Ukiwa mdogo mno, uchafu unatuama. Wengi huona hilo ni jambo la macho tu. Chukua levo.

Bei sitakuandikia, zinabadilika kila mwezi na kila barabara. Uliza maduka matatu, na nunua vifaa mwenyewe au pamoja na fundi, ubaki na risiti ya kumwonyesha landilodi.

Vipande vilivyokatwa ni mali ya mwenye jengo, na vina thamani kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu. Kubalianeni mapema vitaenda wapi, vioshwe kwa maji yenye klorini, na visiachwe kichochoroni watoto wakachezee.

Kabla fundi hajalipwa salio, kila ghorofa iflashi mara mbili na imwage ndoo nzima bafuni, moja baada ya nyingine, huku wewe ukiwa umezungusha tishu kavu chini ya viungio vyote viwili. Viungio vibaki wazi, visipakwe wala kufunikwa na kitu chochote, ili mtu yeyote aweze kuviona. Rudi na tishu nyingine baada ya wiki moja, na nyingine mvua kubwa ya kwanza ikinyesha.